Klabu inauzwa kweli au ni maneno? Anzeni na deni, jina la tajiri baadaye

Wakuu, swali lililoletwa ni hili: zimevuma habari kwamba klabu yetu ya Ligi Kuu ya Uingereza inanunuliwa, bei inayotajwa ni pauni milioni 400, mazungumzo yanasemekana yako hatua za mwisho, na kuna ndege binafsi imeonekana ikitua. Je, ni kweli, na Januari tutegemee usajili mkubwa?

Ndege iwekeni pembeni. Mauzo ya klabu yanafanywa na mawakili na wahasibu, mnunuzi mwenyewe anaweza kufika siku ya kupiga picha tu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, lakini kwenye mauzo ya klabu za Uingereza kinachoaminika ni karatasi, na karatasi nyingi ziko wazi kwa yeyote anayejua pa kuzitafuta.

Kwanza hilo neno "hatua za mwisho". Mwenye klabu akiamua kuuza huajiri benki ya uwekezaji. Benki inaandaa kitabu cha taarifa, wanaotaka kununua wanasaini kutunza siri, kisha wanaleta ofa ya awali ambayo haimfungi mtu. Muuzaji anachagua mmoja na kumpa muda wa kuzungumza naye peke yake, mara nyingi wiki nne hadi nane. Hapo ndipo habari huvuja, na hapo ndipo mashabiki huanza kusherehekea. Kumbe muda huo maana yake ni moja tu: muuzaji ameahidi kutoongea na mwingine. Mnunuzi bado yuko huru kuondoka kesho asubuhi. Ulizeni kama ameweka amana isiyorudishwa. Kama hajaweka, hatua za mwisho hazijafika, ndiyo kwanza vitabu vinafunguliwa.

Everton ni mfano mzuri. Kampuni ya Friedkin Group ilipewa nafasi hiyo ya peke yao Juni 2024, Julai wakajitoa, Septemba wakarudi na makubaliano mapya, na klabu wakaipokea Desemba 19, 2024. Mwiba mkubwa ulikuwa mkopo wa takriban pauni milioni 200 ulioachwa na kampuni ya uwekezaji ya 777 Partners, waliokubaliana kununua Septemba 2023 na makubaliano yao yakafa mwisho wa Mei 2024. Angalieni hilo vizuri: mnunuzi alishindwa kununua, akaondoka, na klabu ikabaki na deni lake. Kwa hiyo ukisikia "mnunuzi mtarajiwa ameanza kuikopesha klabu fedha za kuendeshea", usifurahi mpaka ujue mkopo huo una riba gani, umewekewa dhamana gani, na unakuwaje dili likivunjika.

Sasa bei. Milioni 400 ya nini? Kuna bei ya biashara nzima pamoja na madeni yake, na kuna kiasi kinachoingia mfukoni kwa muuzaji. Chukua hesabu ya mfano. Biashara nzima imekubaliwa milioni 400. Toa mkopo wa benki, milioni 110. Toa ada za usajili ambazo bado zinadaiwa na klabu nyingine, tuseme milioni 70, ukirudisha milioni 25 ambazo sisi tunadai, inakuwa 45. Toa kodi iliyochelewa, milioni 10. Imebaki 235. Kama mmiliki mwenyewe aliikopesha klabu milioni 180, basi katika hiyo 235 anajilipa 180 yake na hisa zenyewe zimeuzwa kwa 55. Gazeti moja litaandika 400, jingine 235, la tatu 55, na yote yatakuwa yanasema kweli. Chelsea mwaka 2022 ilikuwa hivyo hivyo: pauni bilioni 2.5 zilikuwa za hisa, na ahadi ya kuwekeza bilioni 1.75 ikajumlishwa juu yake, watu wakasema klabu imeuzwa kwa 4.25.

Zile ada za usajili ndizo zinazowashtua wanunuzi wengi. Mchezaji aliyenunuliwa kwa milioni 40 miaka miwili iliyopita anaweza kuwa bado anadaiwa milioni 15. Deni hilo halionekani ukiangalia mikopo ya benki peke yake. Limo kwenye maelezo ya mwisho ya hesabu, sehemu ya wadai. Na upande wa pili, fedha tunazodai klabu nyingine huenda zimeshauzwa kwa mkopeshaji ili zipatikane haraka. Mnunuzi anadhani atapokea milioni 25 Julai, kumbe zilishaliwa.

Jingine ambalo bei haisemi ni matumizi ya kila mwezi. Klabu inayopoteza milioni 4 kwa mwezi inahitaji karibu milioni 50 kwa mwaka kabla hujasajili mtu. Mnunuzi wa kweli anakuwa na bei ya ununuzi pamoja na akiba ya kuendeshea miezi 12 hadi 18. Wengi wanaokwama, hapa ndipo wanapokwama. Bury iliuzwa kwa pauni 1 Desemba 2018. Agosti 27, 2019 ikafukuzwa kwenye ligi, baada ya dili jingine la kuiokoa kuvunjika dakika za mwisho. Bei rahisi haikuwa tatizo hata kidogo, mishahara na madeni ndiyo yaliyoimaliza.

Mtu akitaka kuchunguza mwenyewe, aingie tovuti ya Companies House, yaani sajili ya kampuni za Uingereza, ni bure. Usitafute jina la klabu tu. Fungua klabu, angalia sehemu ya watu wenye udhibiti mkubwa, yaani wenye zaidi ya asilimia 25, utaona kampuni mama. Ifungue nayo, upande mpaka juu kabisa. Mara nyingi kinachouzwa ni kampuni mama, na klabu yenyewe haitaonyesha badiliko lolote siku ya kwanza. Kisha soma vitu vitatu.

Cha kwanza ni rehani. Mkopo wenye dhamana unatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 21, na hati yenyewe unaweza kuipakua. Soma nani anakopesha na ameshikilia nini: uwanja, fedha za televisheni, au ada za wachezaji waliouzwa. Rehani mpya katikati ya tetesi ina maana moja kati ya mbili. Ama mmiliki anakopa ili afike mwisho wa msimu, ama dili linapangwa. Jina la mkopeshaji ndilo litakalowaambia ni ipi. Cha pili ni wakurugenzi. Mabadiliko yao yanatakiwa kuarifiwa ndani ya siku 14, kwa hiyo usitegemee kuyaona siku ile ile. Cha tatu ni hesabu za mwaka. Kampuni binafsi ina miezi tisa baada ya kufunga mwaka, hivyo klabu inayofunga Juni 30 huleta hesabu mpaka Machi 31. Ruka kurasa za picha na maneno ya mwenyekiti. Nenda kwenye maelezo kuhusu uwezo wa klabu kuendelea na biashara, kisha kwenye matukio yaliyotokea baada ya kufunga hesabu. Wakaguzi wakiandika kuna mashaka makubwa kwamba klabu itaendelea bila fedha mpya, mmiliki anauza kwa shida, na bei itashuka.

Kusajiliwa kwa kampuni mpya yenye jina linalofanana na klabu si ushahidi. Mtu yeyote anaweza kusajili kampuni kwa ada ndogo, na wako wanaofanya hivyo kila tetesi inapovuma.

Hata karatasi za kweli hazimalizi kazi. Aprili 2020 hati za dili la Newcastle zilionekana wazi Companies House, na bado Julai 30 mwaka huo PIF, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia, ilijitoa. Klabu ilikabidhiwa Oktoba 7, 2021 kwa takriban pauni milioni 305, miezi 18 baada ya hati zile. Fedha zilikuwepo muda wote. Ligi ilikuwa inauliza nani hasa ataiongoza klabu, mfuko au dola yenyewe, na haikuridhika mpaka ilipopewa ahadi zinazofunga kisheria.

Hicho ndicho kipimo cha wamiliki na wakurugenzi. Ligi Kuu inampima yeyote atakayeshika asilimia 25 au zaidi. Kabla ya 2023 ilikuwa 30. Wanataka kujua fedha zinatoka wapi, zinatosha kwa muda gani, na nani yuko mwisho wa mnyororo wa kampuni. Mnyororo ukipita visiwa vitatu na mifuko minne, kila kiungo kinaombwa nyaraka, na mnunuzi anayepiga danadana kwenye nyaraka ndiye anayejichelewesha. Na bunge la Uingereza limeshapitisha sheria ya Julai 2025 inayounda msimamizi huru wa soka, kwa hiyo uchunguzi huu utazidi kubana.

Kwa klabu yenye hisa kwenye soko la hisa la London mambo ni tofauti: mnunuzi akitajwa hadharani ana siku 28 za kuleta ofa kamili au kutangaza kwamba anaacha, akivuka asilimia 30 analazimika kuwapa wanahisa wote ofa, na akifika 90 ya hisa alizoziombea anaweza kuwalazimisha waliobaki kuuza. Klabu nyingi ni kampuni binafsi, kwa hiyo hakuna saa inayohesabu. Anayewaambia "lazima wajibu ndani ya siku 28" kuhusu klabu binafsi amechanganya mambo.

Swali ambalo ningependa kila shabiki aliulize kabla ya kuuliza utajiri wa mtu ni hili: fedha za kununulia ni zake au ni za kukopa, na kama ni za kukopa, nani atalipa? Familia ya Glazer walipoinunua Manchester United mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790, zaidi ya milioni 500 zilikuwa za kukopa, na sehemu kubwa ya mzigo ikawekwa juu ya klabu ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni. Milan ilinunuliwa Aprili 2017 na Li Yonghong kwa takriban euro milioni 740, zaidi ya 300 kati ya hizo zikiwa mkopo wa mfuko wa uwekezaji wa Elliott. Julai 2018 alishindwa kurejesha milioni 32 tu, na klabu ikachukuliwa. Inter nayo: wamiliki walikopa euro milioni 275 kutoka kampuni ya uwekezaji ya Oaktree Mei 2021, riba ikapandisha deni karibu na 395, na Mei 2024, mwezi mmoja baada ya kutwaa ubingwa wa Italia, klabu ikachukuliwa na Oaktree. Timu ilikuwa inashinda uwanjani huku saa ya mkopo inaisha.

Uwanja nao msiusahau. Uingereza unaweza kulipia ada ndogo kwenye sajili ya ardhi ukaona nani anaumiliki. Derby County waliuuza uwanja wao kwa mmiliki wao mwaka 2018, na klabu ilipowekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Septemba 2021, wanunuzi wakakuta wanatakiwa kufanya dili mbili. Mmoja aliyeteuliwa mnunuzi chaguo la kwanza alijitoa Juni 2022 baada ya fedha kutofika kwa wakati. Aliyefanikiwa Julai alinunua uwanja na klabu vyote viwili. Kununua klabu bila kujua uwanja ni wa nani ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Kama mnunuzi wetu ana klabu nyingine Ulaya, tazameni kalenda ya UEFA. Crystal Palace walibeba Kombe la FA Mei 2025, wakashushwa kutoka Europa League hadi Conference League kwa sababu mwekezaji John Textor alikuwa na hisa kwao na kwa Lyon tarehe 1 Machi, siku ya kupimwa. Kuuza hisa baadaye hakukusaidia.

Januari sasa. Kati ya kusaini mkataba wa mauziano na kukabidhiana klabu, mkataba kwa kawaida unaizuia klabu kuingia gharama kubwa bila ruhusa ya mnunuzi. Muuzaji hataki kutoa fedha kwa ajili ya mtu mwingine, na mnunuzi hana haki ya kuzitoa. Ndiyo maana dirisha linalokutana na mauzo huwa kimya. Hata baada ya kukabidhiana, tajiri hawezi kumwaga fedha atakavyo. Kanuni iliyotumika Ligi Kuu hadi msimu wa 2025/26 iliruhusu hasara ya pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, milioni 90 kati ya hizo zikiwa lazima zifidiwe na wamiliki kwa mtaji wa hisa, na hasara za mmiliki anayeondoka zinabaki kwenye hesabu. Kuanzia 2026/27 kipimo kinahamia gharama za kikosi, zisizidi asilimia 85 ya mapato, na anayecheza Ulaya anabanwa na asilimia 70 ya UEFA. Fedha mpya zinaweza kwenda kwenye akademi, miundombinu na soka la wanawake bila kikomo hicho, na mnunuzi makini huanzia huko.

Kwa hiyo Januari tarajieni mkopo wa mchezaji mmoja au wawili, na pengine mmoja wetu kuuzwa ili hesabu zikae sawa. Dili likikabidhiwa Februari au Machi, usajili wa kwanza wenye mkono wa mmiliki mpya mtauona Julai.