Vani sio stoo: kwa wadogo zangu mnaoanza ditelingi (kusafisha na kung'arisha magari) Muscat, Oman

Juzi nimefungua mlango wa nyuma wa vani saa nane mchana nikakuta kreti lote la madawa limo ndani, koutingi (dawa ya kukinga rangi ya gari), aiyani rimuva (ya kutoa vumbi la chuma kwenye rimu), makopo ya spreyi, kila kitu, na dogo aliyeliacha yuko kivulini anakunywa maji baridi. Ni kijana mzuri jamani, rimu anazitoa safi kuliko wenzake wote, kwa hiyo sikumfokea sana. Ila huu mwaka wa tano naliona kosa lilelile, kila kundi jipya likitua toka Tanga, Mombasa, Unguja, linalirudia kama limeachiwa urithi. Kaeni kidogo niwaambie.

1. Joto la huku sio lile la kwetu. Dar ukilowa jasho mchana, usiku kaupepo ka bahari kanakuja unalala. Huku Juni 2018 pale Qurayyat, hapo chini tu ya Muscat, masaa 24 mazima halijoto haikushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku umo! Sasa mtu ananiambia "kaka ntashusha kesho asubuhi kukishapoa", kutapoa wapi? Halafu Juni mpaka Agosti kazi za juani zinasimamishwa saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu, mnapumzika, ni haki yenu, ila ndio masaa hayohayo mnayaacha madawa kwenye vani imefungwa vioo, nje 45 na ndani inapita 60. Kreti linashuka kwanza, ndio mtu anakaa. Hilo sibishani na mtu.

2. Makopo ya spreyi: geuza usome nyuma, imeandikwa isizidi 50. Gesi ikipata moto inatafuta pa kutokea, na dashibodi ndio sehemu mbaya kuliko zote.

3. Koutingi. Hapa nitakaa sana maana hapa ndipo niliumia.

Mwaka wangu wa pili huku, Julai, nilikuwa na chupa ya mili 50 ya seramiki, ndio hiyo koutingi, nimeifungulia gari jingine imebaki kama nusu. Nikafunga kifuniko harakaharaka, mdomo wa chupa haujafutwa, nikaitupia kwenye mfuko wa mlango wa vani ikakaa humo siku tisa. Mnaijua seramiki, inakauka kwa kukutana na unyevu wa hewani, na Muscat ni pwani, kuna asubuhi za Julai hewa unaona kabisa ungeweza kuikamua kama taulo. Ukishafungua chupa unyevu umeingia, inaanza kukauka humohumo, na joto ndio linaiharakisha.

Siku ya kumi akaja mzee mmoja wa Kiomani na Land Cruiser nyeusi, mpya, nailoni za siti bado hazijatolewa. Mzee kazaliwa Unguja, aliponisikia naongea na mwenzangu akaacha Kiarabu palepale akaanza na Kiswahili chake kile kitamu cha zamani, ananiita mwanangu, kesho yake akaniletea halwa na kahawa. Nikainamisha ile chupa, matone yakatoka mazito kama asali, na kwenye nyuzi za kifuniko kuna chembe nyeupe kama chumvi. Niliziona. Nataka mlisikie vizuri hili, niliziona, nikazifuta kwa kidole nikaendelea, maana chupa mpya iko stoo mwendo wa dakika ishirini na bosi anazihesabu, nikajisemea hii itatosha boneti na milango miwili.

Asubuhi gari likatolewa juani, boneti ina mabaka kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi, na mikwaruzo myembamba imefuata njia ya mkono wangu mstari kwa mstari, kule chembe zilikopita na kitambaa. Na ikishalala usiku mzima huifuti tena kwa taulo, mpaka uikate kwa kompaundi, dawa ya kusugulia rangi. Nilishinda na mashine siku mbili, kwenye rangi nyeusi, gari ambalo halijamaliza hata wiki, na kila nikipitisha pedi najua nakula klia koti, lile tabaka la juu la rangi, la mtu aliyeniletea halwa. Mzee akasimama pembeni akaniuliza taratibu tu, "Mwanangu, wewe hukuliona hili kabla hujapaka?" Nikamwambia sikuliona.

Nilikatwa mshahara miezi mitatu, hiyo ilipita. Lile jibu halikupita. Baadae alivyorudi kuoshesha nikamfuata nikamwambia ukweli, mzee niliona, nikadanganya. Akanyamaza, akasema "Nilijua mwanangu", akaniuliza habari za mama.

Kwa hiyo: chupa ikifunguliwa andika tarehe, futa mdomo ukauke, funga kabisa, isimamishe wima chumba chenye kiyoyozi. Ukiiweka kwenye friji ukitoa usiifungue papo hapo, iache ipoteze ubaridi na kifuniko chake, la sivyo inatoa jasho na ule unyevu unaouogopa umeuingiza mwenyewe. Ukiona chembe au imekuwa nzito, tupa. Bosi akifoka mwambie nimesema mimi.

4. Aiyani rimuva ikichemka sana inachoka, utapiga kwenye rimu na ile rangi ya zambarau ya kuonyesha inafanya kazi haitoki, halafu utasema dawa feki.

5. Spiriti na dawa ya kutoa lami zinashika moto upesi, ziwe mbali na chaja za mashine, na betri lenyewe likiwa la moto usilichaji, subiri lipoe. Dawa ya rimu ya asidi isikae kreti moja na jiki, zikivuja zikakutana ile gesi inakata pumzi, na vani haina dirisha la nyuma.

6. Msimimine dawa kwenye chupa za maji ya kunywa! Nimeshamnyang'anya kijana chupa ya dawa ya rimu iko sentimita mbili na mdomo wake, ametoka juani ana kiu, maji ni meupe na dawa ni nyeupe, angejuaje? Mimi miguu iliniisha nguvu, nikakaa chini kwenye sakafu yenye maji. Chupa ya triga, jina juu kwa maka, hata kama ni ya leo tu.

7. Wale wenzetu mlioko Canada mnaonitumia meseji, kwenu ni kinyume, shampoo na polishi za maji zikiganda kwenye gereji zinajitenga na ukitikisa hazirudi vilevile, ziingizeni ndani ya nyumba.

Na wewe dogo wa juzi, koutingi yako nimeitoa kwenye vani, nimeiangalia mdomo bado msafi, hakuna chembe. Nimeandika tarehe, ipo kwenye friji ya ofisini rafu ya chini. Kesho saa moja itoe uiache mezani, mpaka saa tatu usiiguse, tutaifungua wote.