Nyuki hawa wanazunguka nini kwenye uzio?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko kusini mwa Uingereza. Tangu wiki iliyopita nyuki wanene wenye manyoya wanapita kwenye uzio wa miti nyuma ya nyumba, usawa wa magoti. Anakuja mmoja, anaelea kidogo mbele ya majani yaleyale, huyoo anaondoka. Mara mwingine huyu hapa. Maua hawagusi. Je, wana kiota humo? Nina watoto wadogo, nipulizie dawa?

JIBU: Marahaba. Dawa weka kando. Hao ni madume, na nyuki dume hana mwiba wa kumchoma mtu.

Ni nyuki wa jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, iitwayo Bombus. Afrika Mashariki hatuna, kwa hiyo usiwafananishe na wale weusi wanaotoboa mbao za paa. Dume akishatoka kiotani ndiyo basi, harudi. Hapeleki chavua kwa mtu. Anakunywa mbochi, yaani maji matamu ya maua, wa kumtosha mwenyewe, halafu anatafuta malkia kijana. Hamkimbizi. Anamtegea harufu.

Amka mapema uangalie. Dume anatua kwenye ukingo wa jani na kuusugua kwa taya, kama mtu anayepiga mswaki, akipaka majimaji ya tezi iliyo kichwani mwake. Akimaliza hapo anahamia kijiti kile, kisha gome la mti ule, mpaka anapata mzunguko wa mamia ya mita. Siku nzima kazi yake ni kuukagua. Mvua ikiosha, anapaka upya.

Hao unaowaona wakifuatana wanaweza kuwa madume tofauti kwenye njia moja, wala hawagombani. Mwanasayansi Charles Darwin alilishangaa jambo hili nyumbani kwake Kent kuanzia 1854. Aliwapanga watoto wake kwenye vituo, kila mmoja apige kelele nyuki akifika. Kilichomtatiza ni kwamba vituo vilibaki vilevile mwaka hadi mwaka, ilhali madume wa mwaka uliopita walikwisha kufa. Siri ya harufu hakuijua. Aliowafuatilia ni wa spishi ya Bombus hortorum, ambao hupita chini chini. Kwa usawa huo wa magoti, nadhani wako ni haohao. Bombus lapidarius angekuwa juu kwenye vilele vya miti.

Kila spishi ina mchanganyiko wake wa harufu, ndiyo maana malkia hapotei njia. Wataalamu nao wameutumia kutenganisha spishi zinazofanana kama shilingi kwa ya pili.

Usikate tamaa usipomwona malkia mwenyewe. Hata watafiti hawawaoni mara nyingi wakipandana porini. Akipata bahati, dume wa Bombus terrestris humwachia malkia kizibo cha kunata, kinachomfanya asiwe na hamu ya dume mwingine.

Uzio wenyewe usiukate sasa. Subiri baridi ianze. Madume wote watakuwa wamekufa, na malkia waliopandwa wamejichimbia ardhini.