Mti wa avoka wa jirani umetuangukia nyumba, tuanze wapi?

SWALI: Yaya, pole na kazi. Sisi tuko Kadutu, kwenye mtelemko, na juu yetu kuna parseli ya jirani mwenye mti mkubwa wa avoka. Juzi usiku mvua ilinyesha na upepo mkali, mti ukang'oka na mizizi yake ukalala kwenye nyumba yetu. Manjanja (mabati ya paa) ya chumba cha watoto yamekunjamana, mbao mbili za juu zimevunjika, ukuta umepasuka kwenye kona ya mlango. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mkubwa. Jirani anasema ni upepo, hana lake. Bwana yangu anataka akate mti leo leo tuchome makala (makaa) tupate pesa ya manjanja, shemeji naye anasema tusiguse kitu mpaka jirani alipe. Tumfuate nani?
Mama wa watoto wanne, Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, pole sana, na asante Mungu watoto wako wazima. Watoe kwanza kwenye chumba kile, walale upande mwingine au kwa ndugu. Kama kuna waya wa umeme umeanguka au umegusa manjanja, hapo msisogee kabisa, manjanja yanapitisha umeme nyumba nzima, itisheni watu wa SNEL, shirika la umeme, wakate umeme kwanza.

Shemeji ana haki nusu na bwana yako ana haki nusu. Pigeni picha nyingi kabla ya kukata: mizizi, shina kama limeoza ndani, manjanja, ule ufa. Mwiteni shefu wa avenyu na wa kartye waone kwa macho, waandike konstati (karatasi ya yale waliyoyaona), jirani naye awepo. Kama mna asiransi, yaani bima (najua wengi hatuna), wajulisheni kabla hamjaripare. Halafu mti ukatwe, maana kungoja pesa ya jirani huku uzito umelalia ukuta uliopasuka ni hatari, na mvua ya kwetu kuanzia Septemba mpaka Mei haingoji mtu.

Ila bwana yako asiukate peke yake na panga. Ukuta na mbao za juu ziegemezwe kwanza na miti imara kwa ndani, ndipo waanze na matawi madogo ya huku mwisho, kipande kwa kipande, vishushwe na kamba, mtu asisimame juu ya manjanja. Tawi lililojikunja kwa uzito iko na nguvu ya kuruka, fundi anayejua anakata kidogo upande wa ndani wa mkunjo halafu anamalizia upande wa nje.

Na kuna kitu hamkuniuliza, njo kinaniogopesha zaidi: ile shimo ya mizizi kule juu. Shina likishakatwa, kisiki chenye udongo wake kinaweza kusimama tena kwa ghafla na kurudi shimoni, na kwetu watoto wanapenda kucheza mahali kama pale. Asikaribie mtu upande wa shimo wakati wa kukata. Baadaye mvua ikijaza shimo maji yanaingia kwenye udongo wa mtelemko, na udongo wenyewe unaweza kuwashukia, Bukavu tunajua hiyo. Chimbeni mfereji juu yake upeleke maji pembeni, lifukieni na udongo mkishindilia, na mkiweza mjenge ukuta wa mawe. Mkifunika paa na bashi (turubai) ipitisheni juu ya kilele na muipigilie na mbao, mawe juu ya paa yanaanguka upepo ukija. Kwenye ule ufa wekeni alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake, ukiendelea kukua hameni chumba mpaka fundi mwashi aone.

Sasa jirani. Sheria yetu ya Kongo ya mikataba na madeni ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 258, inasema aliyemletea mwingine hasara kwa kosa lake anairekebisha, na cha 260 kinagusa pia vitu mtu alivyo navyo chini ya ulinzi wake. Upepo wa ajabu usiotegemewa unaweza kumtetea, lakini mti uliooza, au mliomwambia mbele ya watu kwamba unainama, hapo utetezi unakuwa mgumu. Nanyi mjiulize ukweli: mlichimba ukingo kupanua jikoni? Mizizi ya avoka haiendi chini sana, mkiikata mti unalegea, na hiyo jirani ataisema. Mti ni wake, kwa hiyo msichome makala bila kukubaliana, ila mnaweza kuandika kwenye karatasi mbele ya shefu kwamba bei ya kuni na mbao inahesabiwa kwenye malipo yenu. Mimi ningeanza huko, tribinali iwe ya mwisho, maana mtaendelea kuishi mkipandana na kushukiana kwenye kilima kimoja.