Kipokezi Hakiwekwi Penye Umeme Tu

Fundi anayeanza kazi ya kudhibiti joto la majengo, akikabidhiwa kipokezi cha vihisi joto visivyo na waya, kwa kawaida hutafuta kwanza mahali penye umeme wa volti 24. Kwa kuwa umeme huo upo ndani ya paneli ya kidhibiti, hukifunga humo humo, hukijaribu mlango ukiwa wazi, huona vipimo vinafika, kisha huufunga mlango na kuondoka. Bati la paneli huzuia mawimbi, na kesho yake nusu ya vyumba havionekani. Katika wito wa marekebisho ninaoupata, kosa hili ndilo linaloongoza, na ndiyo sababu ya kukuandikia wewe unayeanza.

Kabla hata ya kutafuta mahali, soma kibandiko kinachoonyesha masafa ya mawimbi ya redio. Vihisi vingi vya Ulaya hutumia megahezi 868, ilhali vya Amerika Kaskazini huwa kati ya 902 na 928. Afrika iko katika kanda moja na Ulaya kwa mgawanyo wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, na huku kwetu masafa ya 890 hadi 915 yametengewa simu za mkononi zinapotuma kwenda mnarani. Kwa hiyo kifaa cha bei nafuu kilichoagizwa Marekani kinaweza kuingiliana na simu za watu walio ndani ya jengo lile lile, mbali na kukuletea maswali kutoka TCRA ukiwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa Kenya. Aidha, kihisi cha 902 hakiwezi kusikika kwenye kipokezi cha 868 hata vikilazwa pamoja mezani.

Sasa tuje kwenye mahali penyewe. Kihisi cha ukutani, kinachoishi kwa betri ndogo au kwa mwanga wa chumbani, hutuma kwa nguvu ya milliwati chache tu, wakati simu ya GSM inaweza kufikia wati 2. Nguvu hiyo kidogo hupita bila taabu kwenye jipsamu na mbao, hupungua kwenye tofali, hupungua sana kwenye zege lenye nondo, na husimama kabisa kwenye chuma. Usisahau vyuma visivyojionyesha: karatasi ya alumini kwenye nyenzo za kuzuia joto, vioo vilivyopakwa utando wa metali, dakti za hewa zilizo juu ya dari, na shimo la lifti, ambalo huacha kivuli kirefu nyuma yake. Angalia pia pembe. Wimbi linalopita ukutani kwa mshazari husafiri ndani ya zege kwa urefu mkubwa kuliko linalopita moja kwa moja, hivyo kipokezi kilicho katikati ya korido mara nyingi hushinda kile kilicho mwisho wake, ingawa mwishoni ndiko kwenye chumba cha umeme.

Usikisie, pima. Vipokezi vingi, au programu zake, huonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa, ambapo -60 ni nzuri kuliko -85 na kila pungufu ya 10 humaanisha nguvu imebaki sehemu moja ya kumi. Shikilia kipokezi mahali unapopakusudia kabla ya kutoboa ukuta, mwenzako apite chumba hadi chumba na kihisi, milango ikiwa imefungwa na dari ikiwa imerudishwa. Mimi hudai akiba isiyopungua 10 juu ya kiwango cha chini ambacho kipokezi kinaweza kusikia, kwa sababu jengo unalolipima likiwa tupu litajazwa makabati ya chuma na watu. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, vihisi visivyo na waya hupendwa kwa kuwa kuta hazichimbwi ovyo. Lakini unene wa kuta hizo hizo hudhoofisha mawimbi, na ni busara kujaribu kwanza upande wa ua wa ndani, ambako milango ya mbao hufungukia.

Antena isimame wima, mbali na chuma, wala isikunjwe au kukatwa ili ipendeze: robo ya urefu wa wimbi kwa megahezi 868 ni takribani sentimita 8.6, na antena nyingi za waya hukatwa kwa kipimo hicho makusudi.

Kutoka hapo kazi inarudi kwenye waya. Mawasiliano ya RS-485, yaani njia ya waya ya kupitisha data kati ya kipokezi na kidhibiti, hupita kifaa hadi kifaa kwa mstari mmoja, si kwa matawi, na rezista ya omu 120 huwekwa kwenye ncha mbili tu. Ikiwa transfoma moja inalisha vifaa kadhaa, hakikisha waya wa pamoja ni ule ule kwa vyote, maana ukiugeuza kwenye kimoja unaweza kusababisha shoti na kuviunguza.

Unganisha kihisi kimoja kimoja na kipokezi, ukiandika namba yake kwenye ramani ya jengo kabla ya kukipandisha ukutani. Vihisi vya vyumba viwili vikibadilishana, chumba chenye joto kitasababisha jirani yake apozwe, na kadiri jirani anavyolalamika ndivyo mambo yanavyozidi kuharibika. Kihisi kinachoishi kwa mwanga kiachwe kwanza penye mwangaza kijichaji, kisha kifungwe mita 1.5 hivi kutoka sakafuni, pasipopigwa na jua wala upepo wa kiyoyozi.

Mwisho, weka muda wa kutangaza kuwa kihisi kimepotea. Ukiwa mfupi kuliko kipindi cha kutuma, kidhibiti kitapiga kelele za uongo mchana kutwa. Kuuweka mara tatu ya kipindi hicho kunatosha. Kubaliana pia na msimamizi wa jengo kidhibiti kifanye nini kihisi kinapopotea, kwa mfano kutumia kipimo cha hewa inayorudi kwenye mashine, na uyaandike makubaliano hayo upande wa ndani wa mlango wa paneli.