Ukichora kichochoro cha Mji Mkongwe, anza na kivuli

Wewe unayeanza kuchora Mji Mkongwe wa Unguja, kwanza simamisha karatasi yako wima. Vichochoro vya Kiponda na Hurumzi ni vyembamba, nyumba zimepanda juu, na anga huonekana kama utepe tu. Mwaka wangu wa kwanza nililaza karatasi, na kila kichochoro kikatoka mfano wa barabara ya magari.

Halafu kivuli. Jua hufika chini kwa muda mfupi, karibu na saa sita mchana. Asubuhi na alasiri hugusa sehemu ya juu ya ukuta mmoja, na mwanga wake hudunda kwenye chokaa ukaangukia ukuta wa pili. Ndiyo maana kivuli cha huku si cheusi: kina umanjano panapotazamana na ukuta unaowaka, na kina samawati kinapotazama anga. Rangi nyeusi iache nyumbani. Mimi niliipaka kwa wingi, nyumba zikawa kama zimeungua. Changanya buluu na hudhurungi, upake kivuli chote kwanza, kabla ya mlango wala dirisha. Ukifika tu, weka mipaka yake kwa penseli, kikihama, usikifuate.

Ujue pia ukuta umejengwaje. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa hupitisha unyevu. Panapozibwa kwa saruji, unyevu hukwama ndani, plasta ikavimba na kubanduka. Ukilijua hilo hutatawanya madoa ovyo. Utayaweka karibu na ardhi na chini ya mifereji ya paa, maji yanapopita.

Milango humvuta kila mgeni. Usihesabu nakshi zote. Chora kivuli cha mfaa, ule mti wa wima katikati ya mlango, na misumari mitatu minne ya shaba iliyopata mwanga.

Nyuma ya karatasi andika mtaa na tarehe. Beit el-Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na leo kila mchoro wake wa zamani ni ushahidi.

Na kabla ya kukaa kwenye baraza ya mtu, toa salamu, omba ruhusa. Bibi mmoja, baada ya kunikaribisha, alitazama kazi yangu akasema, “Mwanangu, ukuta wangu asubuhi si mweupe, ni wa samawati.” Nikainua macho. Ulikuwa wa samawati.