Chenga za juu zinalowa ukioka maembe?
Dada, uliyeuliza kwa nini chenga za juu (zile za unga na siagi zinazofunika maembe ya kuoka) zinalowa: shida ni maji ya embe, si oveni yako. Dodo lililoiva sana hutoa maji mengi. Kwa vikombe vinne vya vipande, changanya vijiko viwili vya chakula vya kornflawa na ndimu nusu. Siagi iwe ya baridi kabisa. Ifikiche na unga, oti na sukari kwa ncha za vidole, yabaki mabonge madogo kama njugu. Ikianza kuyeyuka mkononi, rudisha bakuli kwenye friji. Oka nyuzi 180, dakika 40 hivi, na usitoe mpaka uone mchuzi unatokota katikati, si pembeni tu. Hapo ndipo kornflawa imeshika. Usifunike ikipoa, mvuke utailowesha tena.