Maswali ya Wasomaji: Sauti ya Msanii Nchini India Inalindwa na Sheria Ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mwimbaji Arijit Singh wa India aliwashtaki watu waliotumia akili unde kutengeneza sauti inayofanana na yake. Ikiwa mashine ndiyo iliyoimba, walivunja sheria ipi? Na msanii akifariki, je, wazazi au watoto wake wanaweza kufungua kesi kama hiyo? — Mwanafunzi wa sheria

JIBU: Ndugu msomaji, India haina sheria moja ya Bunge inayotamka kwamba jina, sura na sauti ya mtu ni vyake peke yake. Haki hiyo imejengwa na majaji, kesi baada ya kesi, juu ya Ibara ya 21 ya Katiba inayolinda uhai na uhuru wa mtu. Mwaka 1994, katika kesi ya R. Rajagopal dhidi ya Jimbo la Tamil Nadu, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba faragha huvunjwa pia pale jina au sura ya mtu inapotumiwa bila idhini yake, iwe kwa matangazo au kwa shughuli nyingine, ingawa yaliyomo katika kumbukumbu za umma yanaweza kuandikwa.

Swali lako linagusa pengo halisi. Sheria ya Hakimiliki ya 1957, katika vifungu vya 38 hadi 38B, inamlinda msanii ili onyesho lake lisirekodiwe bila ridhaa yake, wala lisipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Kinacholindwa hapo, hata hivyo, ni onyesho lililokwisha kufanyika. Mashine inapotoa wimbo ambao Singh hakuwahi kuuimba, ni vigumu kuonyesha ni onyesho lake lipi lililoibwa. Ndiyo maana Mahakama Kuu ya Bombay, ilipotoa zuio la muda Julai 2024, iliegemea zaidi haki ya mtu juu ya utambulisho wake, na kuona kwamba kuwapa watu zana ya kugeuza sauti yoyote iwe sauti ya msanii bila ridhaa yake ni kuivunja haki hiyo. Jaji alizingatia pia kwamba kwa miaka kadhaa Singh alikuwa ameamua kwa hiari yake kutotangaza bidhaa za kampuni. Naiona hoja hiyo kuwa nzito kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba haki hii haiwahusu tu wanaotaka kulipwa. Inamlinda pia aliyekataa fedha.

Hata hivyo, usisome maamuzi haya kana kwamba yamefunga mjadala. Amri aliyopewa mwigizaji Amitabh Bachchan mwaka 2022 na ile ya mwigizaji mwenzake Anil Kapoor mwaka 2023, zote za Mahakama Kuu ya Delhi, ni za muda pia, na amri za namna hii mara nyingi hutolewa kabla upande wa pili haujasikilizwa kikamilifu. Mahakama hiyohiyo, ilipomlinda mwimbaji Daler Mehndi mwaka 2010 dhidi ya wauzaji wa vikaragosi vilivyofanana naye na kuimba kipande cha wimbo wake, ilionya kwamba haki hii ikipanuliwa kupita kiasi itaukaba uhuru wa kusema, kwa kuwa vibonzo na kejeli kuhusu watu mashuhuri ni sehemu ya uhuru huo. Ni onyo ambalo ningependa lirejewe katika kila amri mpya.

Kuhusu marehemu, jibu la sasa haliwapendelei warithi. Baba wa mwigizaji Sushant Singh Rajput, aliyefariki mwaka 2020, aliiomba Mahakama Kuu ya Delhi izuie filamu iliyodaiwa kutokana na maisha ya mwanawe, na mwaka 2023 mahakama ikasema kwamba haki za faragha na utambulisho zilikoma alipofariki, wala hazirithiwi. Familia hubaki na njia nyembamba tu. Haki za msanii katika maonyesho yake hudumu miaka 50. Na chini ya kifungu cha 14 cha Sheria ya Alama za Biashara ya 1999, anayeomba kusajili alama inayodokeza uhusiano na mtu aliyefariki ndani ya miaka 20 kabla ya ombi anaweza kutakiwa na Msajili alete idhini ya maandishi ya wawakilishi wa kisheria wa marehemu, na asipoileta ombi lake linaweza kukwama.